Pandora hakuwa na kasha

Muhula huu tumesahihisha insha za fasihi linganishi ambamo wanafunzi walimlinganisha Pandora wa Wagiriki na Nambi wa Waganda. Karibu wote waliandika kwamba Pandora alipewa kasha, akakatazwa kulifungua, akalifungua kwa udadisi. Chanzo walichotaja ni kimoja tu: "hadithi za Kigiriki". Hicho si chanzo, ni uvumi.

Tulirudi kwa Hesiod, mshairi wa takriban mwaka 700 kabla ya Kristo. Katika utenzi wake wa Kazi na Siku hakuna kasha. Kuna pithos, yaani balasi, chombo kikubwa cha kuhifadhia divai, mafuta au nafaka. Pandora hakatazwi kitu, wala udadisi hautajwi. Anaondoa kifuniko, maovu yanatawanyika, Tumaini linabaki ndani. Aliyeonywa ni Epimetheus: nduguye Prometheus alimwambia asipokee zawadi ya Zeus, naye akaipokea.

Kasha lilitoka wapi basi? Dora na Erwin Panofsky, katika kitabu chao cha mwaka 1956, walilifuatilia hadi kwa Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1508, akisimulia kisa hicho kwa Kilatini, Erasmus aliandika pyxis, yaani kijaluba, mahali pa pithos. Maneno yanakaribiana, vyombo havikaribiani. Waliomfuata walinakili, na kosa likawa mapokeo.

Jambo hili si dogo. Nambi, katika masimulizi yanayojulikana zaidi, alionywa na babaye asirudi nyuma. Akarudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na Walumbe, yaani Mauti, akamfuata. Pandora wa Hesiod hakuonywa. Kwa hiyo hoja kwamba wote wawili "walivunja amri" inaporomoka, na pamoja nayo hitimisho zima kuhusu uasi wa mwanamke. Hatusemi kwamba Hesiod aliwapenda wanawake, anawashutumu waziwazi. Lakini tumhukumu kwa maneno yake, si kwa ya wengine.

Nasi hatujitoi lawamani. Mihtasari yetu ya darasani ilikuwa na neno "kasha" kwa miaka mingi, na wanafunzi walilitoa kwetu. Tumelifuta.

Ni rai yetu kwa walimu wenzetu: kabla ya kukubali kisa chochote cha kale, tuulize nani alikisema, lini, kwa lugha gani, na nani alikifasiri.