"Pesa" ya Robert Bresson: Nani Alijua Akanyamaza?

Filamu iitwayo L'Argent, yaani "Pesa", ilitolewa mwaka 1983. Ndiyo ya mwisho kutengenezwa na Mfaransa Robert Bresson, aliyefariki mwaka 1999. Kisa chake kimetokana na hadithi ya Leo Tolstoy, ambayo Bresson aliihamishia katika Ufaransa ya siku zake.

Kijana wa shule ananyimwa na baba yake nyongeza ya pesa za matumizi. Yeye na mwenzake wanaipeleka noti bandia ya faranga 500 katika duka la vifaa vya picha. Wenye duka wanapogundua kuwa wametapeliwa, hawaendi polisi, bali wanamlipa kwa noti bandia Yvon, mfanyakazi anayewaletea mafuta. Yvon anakamatwa mkahawani. Mahakamani Lucien, karani wa duka, anakana kuwa amewahi kumwona. Mama wa kijana naye anakuja kuununua ukimya wa mwenye duka. Wahenga walinena kuwa mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Yvon hakuwamo, lakini anapoteza kazi, anashiriki katika wizi wa benki, anafungwa. Mtoto wake anafariki, mkewe anamwacha. Atokapo gerezani anaua.

Kwa upande wa fani, filamu hii ni kavu kwa makusudi. Wahusika wanachezwa na watu wasio waigizaji wa kazi, ambao Bresson aliwaita "vielelezo", na aliwakataza kuonyesha hisia kwa uso au sauti. Tunachoona zaidi ni mikono: inayotoa noti, inayofungua mlango, inayopokea. Mauaji ya hotelini hatuyaoni. Twaona maji yakigeuka mekundu ndani ya beseni. Ukavu huo hautuachi tulie tukaridhika. Unatulazimisha kupima matendo.

Mwanafunzi wa haraka ataandika kwamba dhamira ya filamu ni "fedha ni mbaya". Jibu hilo halitoshi. Noti ni karatasi tu. Haikula kiapo mahakamani. Waliosema uongo ni watu wenye heshima zao, na kila mmoja alijua anachokifanya. Pesa iliwapa njia. Nia ilikuwa yao.

Tolstoy, katika sehemu ya pili ya hadithi yake, alionyesha wema ukienea kutoka mtu hadi mtu kama ulivyoenea uovu. Bresson aliiacha sehemu hiyo. Wako watakaosema ametukatisha tamaa, nami naona lawama hiyo ina uzito, hasa pale mama mzee aliyempokea Yvon anapouawa pamoja na jamaa zake, mauaji ambayo filamu haiyatolei sababu ya kueleweka. Hata hivyo, tuutazame mwisho. Yvon anaingia mkahawani na kukiri mbele ya polisi. Mwanzoni alisema kweli, hakuna aliyemwamini. Sasa anasema kweli, anaaminiwa papo hapo. Kati ya kweli hizo mbili ndipo ilipo hukumu ya Bresson juu ya jamii nzima.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapofundisha uhakiki wa kazi kama hii, tusikubali jibu la methali moja. Tuwaulize wanafunzi: nani alijua akanyamaza, na alilipwa nini?