Mzinga uliosafiri vipande vipande

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Malaba haikuwa na reli. Njia ya treni iliyopita Eldoret kwenda Tororo ilijengwa miaka ya 1920. Jeshi la Waingereza lililotaka kupeleka mizinga ng'ambo ya Ziwa Victoria lilishukia Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Desemba 1901, kisha likapanda meli. Ndivyo Betri ya 28 ya Milimani, maarufu kama Betri ya Lahore, ilivyopita kusini ya Busia Juni mwaka huo ikielekea Bukoba.

Ilikuwa betri ya Jeshi la India, yenye Kalasinga na Waislamu wa Punjab. Baada ya maasi ya 1857 Waingereza hawakutaka tena kumwona Mhindi karibu na mzinga. Walibakiza karibu betri za milimani peke yake, zenye mizinga midogo na kazi nyingi katika mpaka wa Afghanistan. Kitchener alipopanga upya jeshi mwaka 1903, betri hizo ziliongezewa 20 kwenye namba zao, na ile ya 8 ikawa ya 28.

Mzinga wenyewe ulikuwa na mdomo wa milimita 70 na ulirusha kombora la kilo 4.5. Kwa vita vya Ulaya hiyo ilikuwa silaha hafifu. Lakini aliyeubuni alianza na mgongo wa baghala, kisha ndipo akafikiria adui. Mtutu uligawanywa vipande viwili, kila kimoja karibu kilo 90, na vipande hivyo vikaunganishwa kwa nati kubwa. Kigari, magurudumu na ekseli vilipakiwa kando. Baghala wanne walitosha kwa mzinga mmoja, na wengine wakafuata na makombora. Mtu wa Busia ataelewa bila kuchorewa: shehena isiyopita kwenye lori hufunguliwa na kugawanywa kwenye baiskeli na vigari vya magurudumu matatu, ikavuka, ikafungwa upya upande wa pili.

Tofauti ni kwamba hapa ilibidi kuifunga upya huku unapigwa risasi. Watu walinyanyua kipande cha nyuma wakakilaza juu ya kigari, wakaingiza cha mbele, wakakaza nati. Kazi ilikuwa haijaisha. Mzinga huu haukuwa na kifaa cha kumeza kishindo, kwa hiyo kila ulipolia uliruka nyuma, ukarudishwa mahali pake na kulengwa tena kwa mikono.

Silaha ya namna hii ina faida pale tu inapoweza kumfuata askari wa miguu. Novemba 1914, Waingereza walipowashambulia Wajerumani huko Tanga, kamanda wao, Jenerali Aitken, aliiacha betri melini. Mizinga iliyotengenezwa ili ipande milima ikafyatuliwa kutoka sitaha ya meli Bharata, mbele yake minazi na vichaka, wapigaji wasione nani yuko wapi. Kwangu mimi, kati ya makosa yote ya Tanga hili ndilo la kizembe zaidi, maana dawa yake ilikuwemo humo humo melini.

Bukoba mambo yalikwenda vingine. Tarehe 22 Juni 1915 kikosi cha Jenerali Stewart kilishuka kaskazini ya mji, na safari hii mizinga ya milimani ilishuka nayo. Kesho yake mji ukatekwa, mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani ukaangushwa, na wote wakarudi melini.

Vita vilipozama kusini ya Tanganyika, hesabu ya baghala ikavurugika. Mbung'o hajali nasaba ya mnyama, na wanyama walikufa kwa maelfu. Mzigo wa jeshi ukahamia kwa binadamu. Mpagazi alipangiwa takriban kilo 25 kichwani. Sasa chukua nusu ya mtutu, kilo 90: ni mzigo wa watu zaidi ya watatu, na huwezi kuukata tena. Hapo ni mti mabegani na wabebaji wa kupokezana. Makombora angalau yanagawanyika.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka Kavirondo, na Kavirondo ya Kaskazini ya wakati huo ndiyo iliyobeba Samia, Marachi, Bukhayo na Wateso wa upande wa Kenya. Mwaka 1917 serikali ilipotaka watu kwa wingi, kazi alipewa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza na aliyewajua machifu mmoja mmoja. Vijana waliozoea wimbi na mtama wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika upesi jioni baada ya safari, ukaiva nusu. Kuhara damu kukawamaliza kuliko risasi. Rekodi za serikali zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na idadi hiyo ni ya walioandikwa majina tu.