"Ilikuwa Moto" Haitoshi

Kila Februari, jukwaa la Sauti za Busara likishafungwa pale Ngome Kongwe, Unguja, huanza tamasha la pili, la maneno. Waliokuwepo huwasimulia wasiokuwepo. Na maneno yenyewe unayajua: ilikuwa moto, ilikuwa balaa, watu walipagawa, yaani ulikosa. Ukiuliza, "Moto kivipi?" unajibiwa, "Aisee, haielezeki, ungekuwepo tu."

Mimi masimulizi haya nayapenda, na mara nyingi nayafuatilia kwa hamu kuliko taarifa za magazetini. Ila leo naomba tuyasome kama tunavyosoma riwaya au diwani, kwa jicho la mhakiki. Hoja yangu ni hii: shabiki anayetoka kwenye onyesho ni shahidi. Muziki wa jukwaani ukishaisha umeisha, na kinachobaki ni maneno ya waliousikia. Sasa kama ushahidi wote ni "ilikuwa moto", miaka ishirini ijayo atakayetaka kujua tuliimbiwa nini, na sisi tuliitikiaje, atapata nini?

Tuliosoma Kiswahili sekondari tunakumbuka ile orodha ya vipengele vya fasihi simulizi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na tukio lina muktadha wake: kuna fanani, kuna hadhira, kuna fani inayotendwa, kuna mahali na kuna wakati. Wengi tuliikariri ili tufaulu mtihani, tukaiacha darasani. Mbona tusiibebe tunapokwenda kwenye muziki? Onyesho la taarabu, la dansi au la singeli lina vitu hivyo vyote. Lakini sikiliza masimulizi yetu: fanani yumo, anasifiwa mpaka basi. Hadhira haimo, au imo kama umati tu, "watu walikuwa nyomi". Mahali ni jina la ukumbi. Wakati ni tarehe. Na fani inayotendwa, yaani wimbo wenyewe, ulivyoanza, ulivyogeuzwa, ulivyomalizwa, hiyo ndiyo haimo kabisa.

Ukiyapanga masimulizi ya mashabiki utakuta makundi matatu. La kwanza ni sifa. La pili ni orodha: alianza fulani, akaja fulani, akafunga fulani. La tatu ni malalamiko: tumechelewa kuanza saa mbili nzima, tiketi ghali, spika za upande wa kushoto zilikuwa zinakoroma. Utanishangaa, lakini uhakiki bora naupata kwenye kundi hili la tatu. Mtu anayelalamika kwamba besi ilimmeza mwimbaji mpaka ubeti mzima ukapotea, huyo alikuwa anausikiliza ubeti. Anajua palitakiwa pasikike nini. Anayesifu hatakiwi kuthibitisha chochote, kwa hiyo hathibitishi. Anayelaumu anajua atabishiwa, hivyo anakuja na vielelezo mkononi. Laiti tungesifu kwa bidii ile ile tunayolaumia.

Wala tusisingizie kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Yapo, tena mazuri, na waliyoyatengeneza ni mashabiki wenyewe. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam wamebishana miaka nenda rudi kuhusu Msondo na Sikinde, na katika ubishi huo utasikia kwamba fulani alimfunika fulani, sauti ilipwaya, gitaa la solo lilikolea, chemko lilichelewa kuingia. Hayo ni maneno ya kihakiki kamili. Ukisema "sebene lilikolea" umesema kitu kuhusu muda: kwamba kabla yake halikuwa limekolea, pakatokea badiliko. Msikilizaji wako anaweza kukuuliza, lilikolea lini, nani aliliamsha? Ukisema "ilikuwa moto" hana la kukuuliza. Umefunga mlango.

Twende kwenye taarabu, maana huko hadhira haijawahi kuwa watazamaji tu. Mwimbaji anaimba, mwanamke anainuka kwenye kiti, anakwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, anamtunza. Asiyejua atasema huyu kapenda sauti. Anayejua anaangalia kwanza ni ubeti gani ulikuwa unaimbwa alipoinuka, kisha akaangalia macho ya yule mama yanakwenda wapi wakati mkono unatoa pesa. Ile noti inaweza kuwa pongezi, na inaweza kuwa kombora. Mtunzi aliandika fumbo la jumla. Aliyetunza ndiye aliyelipa fumbo anwani, na usiku ule ule mwingine anaweza kuinuka kwenye ubeti unaofuata akajibu. Hivyo wimbo mmoja ukiimbwa kwenye harusi mbili unaweza kuwa nyimbo mbili. Kelly Askew, mtafiti wa Kimarekani aliyefanya kazi Tanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 2002, aliona jambo hili likawa sehemu kubwa ya hoja zake. Lakini mama yeyote wa Tanga, Unguja au Mombasa angeweza kukueleza bila kitabu.

Basi, shabiki wa taarabu akirudi nyumbani akasema "alitunzwa sana", ametunyima onyesho lenyewe. Alitunzwa kwenye maneno gani? Na nani alinuna? Najua hapa kuna mtego. Ukianza kutaja nani alimrushia nani, umetoka kwenye uhakiki umeingia kwenye umbea, na kesho kuna mtu ataumia. Ila dawa ipo, na masimulizi ya wazee wetu yanaijua: unasimulia kitendo, unaacha jina. "Ubeti wa tatu ulipofika waliinuka watatu kwa mpigo, na kona ya kulia pakawa kimya." Hujamvunjia mtu heshima, na mimi niliyekuwa mbali nimeshaelewa kwamba ubeti wa tatu ulikuwa na kazi usiku ule.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mtazame Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikasambaa pwani nzima. Santuri zile ni hazina. Lakini chukua wimbo wake wa Kijiti. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyefika Unguja, mtuhumiwa akatoroka, na lawama zikawaangukia wanawake waliotoka naye. Watu wa Ng'ambo waliousikia wakati ule waliijua kesi, waliijua mitaa, walijua hakimu anasemwa nini bila kutajwa sana. Wewe na mimi tukiusikiliza leo tunasikia sauti, udi na fidla, na majina. Maana imebaki kwa watu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, aliutafuta muktadha huo kwa kuzungumza na wazee waliokumbuka nyimbo hizo na maisha ya Ng'ambo. Naye Shaaban Robert alikuwa ameshatuachia Wasifu wa Siti binti Saad, akamfuata kutoka Fumba, binti muuza vyungu, mpaka barazani kwa Sultani. Ondoa wazee wale na kitabu kile, uone santuri inabaki na nini.

Wazee wale hawakuwa wahakiki wa kusomea. Walikuwa mashabiki waliokumbuka zaidi ya "ilikuwa moto".

Utaniambia: zama zile hapakuwa na simu, sasa kila kitu kinarekodiwa. Ni kweli, na sitaki kuwa mmoja wa wale wanaozisema simu vibaya wakati na wao wanarekodi. Kwa aliyeko Kigoma, au Muscat, ambaye nauli ya kwenda Unguja hana, zile dakika mbili za video ni neema. Lakini angalia simu inatazama wapi. Inatazama jukwaani. Mama anayeinuka kiti cha nyuma haimwoni. Kiitikio kinachotoka kwa watu inakisikia kama kelele. Mwenye simu mwenyewe anasikika akipiga mayowe kuliko mwimbaji. Video inatupa fanani, kwa ubora wa mashaka. Hadhira, mahali na wakati bado vinamtegemea mwenye mdomo na kalamu.

Na hata picha ikiwa nzuri, inaweza kutudanganya. Sijui kama kuna msanii wetu aliyesimuliwa na mashabiki kuliko Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Alipigwa picha dunia nzima, akatengenezewa filamu, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Kusanya sasa masimulizi ya waliomwona Ngome Kongwe. Utaambiwa umri wake, kila mtu na hesabu yake. Utaambiwa sigara. Utaambiwa alivyowachekesha watu. Ni wachache watakaokuambia ile sauti nzito, yenye mikwaruzo, ilivyokuwa inaingia kwenye melodia za zamani za taarabu bila kupamba sana. Wachache watakueleza tofauti kati ya Bi Kidude aliyesimama mbele ya okestra na Bi Kidude aliyeshika ngoma ya unyago, ambako hakuwa mwimbaji wa kusikilizwa tu bali kungwi mwenye somo la kutoa. Tulimshangilia kama ajabu ya umri, na ufundi wake tukauacha bila mashahidi wa kutosha. Hilo si kosa la waandaaji wala la wapiga picha. Ni namna tulivyosimulia.

Kuna na lile la kuimba juu ya CD. Sauti za Busara, tangu tamasha la kwanza mwaka 2004, limejijengea jina kwa kusisitiza muziki unaopigwa papo hapo, vyombo na sauti. Huko kwingine mambo ni mchanganyiko: msanii anapanda, wimbo wa studio unachezwa, yeye anadakia mistari ya mwisho na kuwaelekezea watu kipaza sauti. Kila aliyekuwepo ameona. Lakini kwenye masimulizi ya kesho yake, kimya. Tunaona kama tukisema tutakuwa tumemsaliti msanii wetu, au tumekiri kwamba hela ya kiingilio imekwenda bure. Matokeo yake, bendi iliyofanya mazoezi miezi mitatu na kijana aliyekuja na flashi mfukoni wanapewa neno lile lile: moto. Hapo anayeumia ni mpiga gitaa, mpiga ngoma, mpiga fidla. Kama hadhira haitofautishi, mwenye ukumbi atawalipa wa nini?

Na matamasha yenyewe si ya kudumu kama masika. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu ya fedha. Wafadhili wana ripoti zao za kuhesabu watu waliohudhuria. Kueleza kilichowapata watu hao walipohudhuria, hiyo ni kazi yetu.

Sasa masimulizi mazuri yakoje? Hayahitaji lugha ya chuo. Tuseme mtu anakusimulia hivi: "Ubeti wa pili umeme ukakatika. Mpiga ngoma hakuacha. Kina mama wa mbele wakakidaka kiitikio, wakaenda nacho gizani. Taa ziliporudi, mwimbaji alisubiri, hakugusa kipaza sauti mpaka wamalize." Sentensi nne, hata sifa moja hamna. Lakini umejua wimbo unajulikana, umejua bendi imeiva, umejua mwimbaji ana adabu. Kama ulikuwa moto au haukuwa moto, utaamua mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kwako unayekwenda kwenye onyesho, iwe Ngome Kongwe, iwe harusi ya jirani, iwe bendi ya Jumamosi baa ya mtaani kwenu: chagua wimbo mmoja tu. Huo mmoja uuweke simu mfukoni. Angalia nani aliinuka, kwenye maneno gani. Sikiliza chombo kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Angalia watu wa nyuma wanafanya nini wakati wa mbele wanaruka. Ukirudi, tusimulie huo, usihangaike na tamasha zima. Mwenzako alikuwa kiti kingine, atasimulia wake, na mkipingana ndiyo vizuri zaidi, maana hapo ndipo mimi niliyebaki nyumbani nitaanza kuona ukumbi.