Augustino na Machozi ya Dido

Tukiwauliza waseminari juu ya Maungamo ya Mtakatifu Augustino, wengi wanajibu upesi: matunda aliyoyaiba, bustani ya Milano, machozi ya mama Monika. Majibu ni mazuri, lakini karibu yote yanatoka katika kurasa chache zilizochaguliwa na mwalimu na kupigwa mashini, nazo zimekwisha kuchakaa mikononi mwa watu. Maungamo yana vitabu 13. Mwenye kusoma vipande tu anapotewa na jambo kubwa.

Katika kitabu cha kwanza Augustino anajilaumu. Alipokuwa mtoto wa shule alimlilia Dido, malkia wa Kartago, ambaye katika utenzi wa Virgilio anajiua kwa kuwa Enea amemwacha. Alimlilia mwanamke wa hadisi, wala hakujililia mwenyewe, aliyekuwa akifa mbali na Mungu. Msomaji wa haraka anafunga kitabu hapo na kusema: Tazama, Mtakatifu amevitupa vitabu vya wapagano! Katika seminari moja tulimsikia mwanafunzi akiuliza sababu gani kupoteza wakati na Virgilio, ikiwa Augustino mwenyewe alijuta. Swali lake si la kijinga. Akilishika bila jibu, kesho atakuwa padri mwenye kuogopa kila neno la wazee wake lisilotoka katika katekismu.

Sherti twende mpaka kitabu cha tano. Augustino sasa ni mwalimu katika Kartago, anataka kwenda Roma, mama hataki kumwachilia. Anamdanganya. Monika anasali usiku kucha katika kapela ya Mtakatifu Sipriano, na merikebu inaondoka. Asubuhi mama yuko pwani, analia kwa uchungu. Mji ni ule ule wa Dido, bahari ni ile ile. Mwanamke ameachwa, mwanamume anaelekea Italia. Augustino hamtaji Virgilio hapo, lakini sisi tunaona kwamba anaandika akimkumbuka. Machozi ya hadisi yamekuwa machozi ya mama anayemwombea mwanawe, na Mungu anayasikia.

Walimu wetu wanapenda zaidi mfano wa De doctrina christiana: Waisraeli walichukua dhahabu ya Misri, vile vile Wakristu wachukue mema ya wapagano. Ni mfano halali. Kwetu unapungukiwa kidogo, kwani dhahabu inabebwa mkononi, lakini Virgilio alikuwa amekwisha kuingia ndani ya moyo wa Augustino. Tena Cicero: kitabu chake Hortensius kilimwasha Augustino, kijana wa miaka 19, atafute hekima. Hakukuta jina la Kristu ndani yake, naye anasikitika. Hata hivyo anakishukuru.

Nchini kwetu yuko Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Alikuwa bado mwanafunzi alipoandika kwa Kifaransa juu ya roho na mawazo ya Wabantu, maandiko yaliyotokea katika La Revue congolaise mwaka 1910 na 1911. Alijifunza Kilatini na filozofia za wageni, kisha akageuka kuwatazama watu wake. Ni waseminari wangapi wamemsoma?

Basi tunawaomba walimu waache karatasi zile kwa juma moja. Kitabu cha nne cha Eneida na kitabu cha tano cha Maungamo vinasomeka kwa jioni chache, hata kwa taa ya petroli.