Mpiga Sinema wa Vugiri na Sauti ya Kiswahili

Hapa Matogoro, penye vilima vitoavyo chemchemi za mto Ruvuma, jina la Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea, hutajwa zaidi kwa siasa. Yapasa tukumbuke pia kwamba kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 alikwisha kuonekana katika kitambaa cheupe cha sinema, akisema Kiswahili. Lakini njia hiyo ilikwisha kufyekwa na mwingine, naye ndiye nitakayempima hapa: Meja L. A. Notcutt, mpiga sinema wa Vugiri.

Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na mnamo mwaka 1926 aliwaza kwamba sinema ingewafanya vibarua waridhike na kazi. Chanzo cha shughuli yake, basi, hakikuwa sanaa. Mwaka 1935, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, yeye na G. C. Latham walianzisha kituo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kufikia mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, wakazitembeza Tanganyika na katika nchi za jirani. Serikali hazikukubali kuendeleza gharama, na kazi ikakoma.

Ubunifu wake ulizaliwa na uhaba. Alitumia filamu nyembamba ya milimita 16, isiyo na sauti, na maneno akayatia katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Kasoro yake ni dhahiri: sahani ikitangulia au ikichelewa, neno huachana na tendo. Lakini faida yake ilikuwa kubwa, kwani picha ile ile iliweza kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine kwingineko, kwa kubadili sahani tu. Wengine walipoona lugha zetu nyingi kuwa kizuizi, yeye alizitafutia chombo.

Hata hivyo, chombo chema hakifanyi hadithi njema. Filamu yao juu ya benki ya posta yaonyesha watu wawili: mmoja azika fedha zake ardhini zikaibwa, mwenzake aziweka posta zikasalimika. Mjinga ni mjinga tangu mwanzo, na mwerevu ni mwerevu hadi mwisho. Nyuma ya usahili huu ilikuwako imani iliyoenea miongoni mwa wapiga sinema wa ukoloni, na baadaye ikashikwa sana na William Sellers wa idara ya filamu za makoloni iliyoundwa London mwaka 1939, kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ila ziende polepole, bila mafumbo. Hapo ndipo walipokosea. Msikilizaji aliyelelewa kwa hila za Sungura na vitimbi vya Abunuwasi, ambaye mjinga wake mara hugeuka mwerevu, hakuhitaji kutafuniwa. Upungufu haukuwa katika jicho la mtazamaji, bali katika heshima aliyopewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Kawawa alipocheza katika Muhogo Mchungu, filamu iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa serikali na kampuni ya Afrika Kusini, mafunzo ya serikali yalikuwa yangalimo. Lakini sasa mchezaji alijulikana kwa jina lake, na watu walikwenda kumtazama yeye. Hilo Notcutt hakulifikia. Sauti aliitenga na picha, akawapa Waafrika waiseme, lakini maneno yenyewe yalikwisha kuamuliwa.

Hukumu yangu ni hii: Notcutt astahili sifa ya fundi, si ya msanii, na sifa ya fundi si haba. Lakini sahani zile hazikujisemea. Wako waliotafsiri, waliopima neno la Kiswahili lienee katika mwendo wa picha, na waliosimama mbele ya kamera bila kutajwa. Mtafiti wa lugha atakayewatafuta hao atatuandikia historia ya sinema yetu iliyo kamili kuliko hii tuliyo nayo, yenye majina ya walioshika kamera tu.