Sufuria Imezaa: Gado, *Abunuwasi* na Nafasi ya Neno katika Hadithi ya Picha

Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, hutajwa mara nyingi katika tafiti za uandishi wa habari na siasa za Afrika Mashariki, na mara chache mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Sababu si ngumu kuiona. Sifa yake ilijengwa na katuni za *Daily Nation* la Nairobi, gazeti la Kiingereza alilojiunga nalo mwaka 1992. Hata hivyo, mwaka 1996 Sasa Sema Publications ilimchapishia kitabu cha hadithi za picha kwa Kiswahili, *Abunuwasi*. Wanaoandika juu ya Gado hukipitia kitabu hicho kana kwamba ni zoezi la ujana. Inadaiwa hapa kwamba ndicho kinachotoa ufunguo wa kazi zilizofuata, na kwamba kupitia hicho huonekana pia kile ambacho kazi hizo zilikipoteza.

Abunuwasi wa kihistoria alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid. Alipofika pwani ya Waswahili aliuacha ushairi, akabaki na ujanja. Msimulizi wa Unguja, awe wa Mji Mkongwe au wa Pete kando ya msitu wa Jozani, hana haja ya kumtambulisha. Jina tu latosha kuwafanya wasikilizaji wasubiri mtego. Mtego wenyewe takriban kila mara ni wa lugha. Kisa cha sufuria ni mfano ulio wazi. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote kwa furaha. Safari ya pili sufuria hairudi: imekufa. Jirani anashitaki, na hukumu inamwelemea yeye, kwani aliyekubali kuzaa hana budi kukubali kufa.

Wasomaji wengi hukiona kisa hiki kuwa funzo dhidi ya tamaa, na wengi huishia hapo. Kisarufi kina jambo la kuvutia zaidi. Abunuwasi hasemi sufuria *amezaa*. Angesema hivyo angekuwa ameigeuza kiumbe hai, na jirani angeshtuka. Anasema *imezaa*: upatanisho wa kisarufi unaiacha sufuria katika ngeli yake ya vitu, huku kitenzi kikiipa tumbo la uzazi. Sentensi ni sahihi kisarufi na ni muhali kimaana, na jirani anaruhusu usahihi wake umfunike macho. Hukumu inatolewa juu ya kitenzi alichokipokea.

Je, hili huchoreka? Hapa ndipo mchoraji yeyote wa visa vya Abunuwasi hupata taabu. Picha haina ngeli. Kisufuria kikishachorwa ndani ya sufuria, uongo umekaa peupe, na msomaji anaujua kabla ya jirani. Msimulizi huweza kuchelewesha. Ukurasa wa picha huonyesha mwanzo na mwisho kwa mara moja. Kwa hiyo uzito wa kisa huhamia kwenye nyuso: tamaa ya jirani, utulivu wa mjanja. Mstari wa Gado, wenye vichwa vilivyokuzwa na macho yasiyoficha lolote, unafaa sana kwa uhamisho huo. Lakini neno lililomo katika kiputo cha maneno haliwezi kuondolewa. Nyuso hucheka kwa sababu ya *imezaa*.

Ulinganisho na Uingereza wasaidia kidogo. Alan Moore wa Northampton alianza kwa kujichorea mwenyewe, kisha akaiacha kalamu ya kuchora ili awe mwandishi tu; *Watchmen* (1986–1987) ilichorwa na Dave Gibbons. Huko mwandishi wa hadithi za picha ana jina na hadhi yake. Kwa Waswahili cheo hicho hakijaota mizizi. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la *Uhuru* na maneno yakahesabiwa kuwa yake pia, kama kwamba hayakuandikwa na mtu. Katika *Abunuwasi* mwandishi ni mapokeo yenyewe, na Gado alikuwa na bahati ya kumpata mwandishi wa aina hiyo bila kumlipa.

Baadaye mapokeo hayo hayakutoweka. Uhuru Kenyatta na William Ruto, walipokuwa wakikabiliwa na kesi huko The Hague, Gado aliwachora wamefungwa mnyororo wenye tufe la chuma. Shitaka, ambalo katika karatasi za mahakama ni maneno, likawa kitu chenye uzito wa kuburutwa. Ni Abunuwasi yuleyule: mwenye mamlaka hulazimishwa kubeba kama kitu kile ambacho angependa kibaki usemi. Kesi ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014 na ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016, lakini tufe limebaki katika kumbukumbu ya wasomaji.

Kilichobadilika ni lugha. Katuni yake ya Rais Jakaya Kikwete katika *The East African*, Januari 2015, ilifuatiwa na kuzuiwa kwa gazeti hilo Tanzania, ingawa serikali ilitaja suala la usajili. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na Nation haukuendelezwa, akahamia *The Standard*. Hilo limejadiliwa sana kama suala la uhuru wa habari, na ni sawa. Lisilojadiliwa ni kwamba dhihaka kali hiyo juu ya kiongozi wa nchi inayozungumza Kiswahili ilichapishwa katika gazeti ambalo wengi wa raia wake hawalisomi. Masoud Kipanya, anayechora kwa Kiswahili, huishi na msomaji wa aina nyingine kabisa, anayelisoma neno kabla ya picha.

Vikaragosi vya *The XYZ Show*, kuanzia 2009, vilirudisha Kiswahili kwa njia ya sauti, na hapo waandishi wakahitajika kweli. Ila katika kitabu, *Abunuwasi* imebaki peke yake. Kwa Kiingereza, kitenzi hakichagui kati ya *i-* na *a-*: sufuria ikizaa kwa lugha hiyo, jirani hana sarufi ya kumdanganya.