Daraja Lenye Paa: Tazama Kiunzi Kabla ya Rangi

Anayetaka kupima ubora wa daraja la mbao lenye paa aanze na swali moja: mzigo unabebwa na nini? Wengi huvutiwa na rangi nyekundu na mandhari ya mto, wakaondoka wakidhani wameliona daraja. Paa na kuta ni vazi tu la kukinga kiunzi kisinyeshewe. Mbao inayolowa na kukauka kila mara huoza upesi. Ikikaa kavu, huvuka karne.

Chukua daraja la Cornish–Windsor, juu ya mto Connecticut, kati ya majimbo ya New Hampshire na Vermont huko Marekani. James Tasker na Bela Fletcher walilijenga mwaka 1866: mita 137 hivi, na nguzo moja tu ya mawe katikati ya maji. Nguvu yake imo ubavuni, katika mbao za mshazari zinazokatizana, mtindo ambao Ithiel Town aliupatia hataza mwaka 1820. Town alikusudia mbao bapa ambazo seremala yeyote angezimudu. Hapa zilitumika boriti nene, zikachongwa ili zishikane penye makutano. Uchongaji huo hausamehe uzembe, kwa hiyo ustadi utauona kwenye maungo: yamebana, au yameachia mwanya? Kisha simama mwishoni, ufuate kwa jicho boriti ya chini. Ikiwa imebonyea katikati, kiunzi kimechoka. Kagua pia ncha zake zinapokalia mawe, maana uchafu na unyevu hujikusanya hapo, na uozo huanzia hapo.

Wapo watakaosema daraja hili si la asili tena, kwa kuwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 1989 liliwekewa boriti mpya za mbao zilizogundishwa kwa tabaka. Hoja hiyo ina uzito: boriti ya kale ikiondolewa, alama za mkono wa fundi huondoka nayo, wala hazirudi. Lakini kubadilisha ubao uliochoka ni sehemu ya useremala tangu zamani, na magari yangali yanavuka juu ya mbao. Hasara kubwa zaidi ni pale mbao zote za kale zinapobakizwa kama pambo huku mzigo ukibebwa na vyuma vilivyofichwa chini ya sakafu. Basi ukifika kwenye daraja la namna hii, kabla ya kulisifu, teremka ukingoni utazame chini yake.